Gari la mtoto la kuchaji: nimechoka kulifungua lote kila stelingi ikisumbua

Baba Bado
Wakuu habari za jioni. Mwanangu ana miaka minne, ana gari la kuchaji la kukalia, volti 12, lenye rimoti. Mota za nyuma ziko vizuri, betri nilishabadilisha, haina neno. Ugonjwa ni stelingi.

Ile fimbo ya chuma inayoshuka kutoka kwenye usukani imekunjwa ncha ya chini. Ncha inaingia kwenye tundu la tairodi inayounganisha magurudumu ya mbele, inazuiwa na washa (kile kiduara bapa cha chuma chenye tundu) na kipini cha kukunja. Kipini kimeshakatika mara tatu. Kikikatika, mtoto anazungusha usukani kama feni huku gari linaenda ukutani.

Kukifikia sasa ndiyo kesi. Napindua gari, natoa magurudumu ya mbele, nafungua skrubu 14, nashusha sakafu yote, kisa kipini cha shilingi mia. Jumamosi nilianza saa nne asubuhi, adhuhuri imenikuta bado niko chini, mtoto kanikalia pembeni: "Baba, bado?"

Nataka kulirekebisha ili siku nyingine nisifungue gari zima. Nikitoboa sakafu halitakosa nguvu?

Mzee wa Spana
Kabla ya kutoboa, jiulize kwa nini kipini kinakatika. Kipini hakibebi mzigo, kazi yake ni kuzuia ncha isichomoke tu. Kikikatika mara tatu, kuna kitu kinacheza. Weka mbele juu ya tofali, mwenzio ashike usukani usiende popote, wewe tikisa gurudumu. Likicheza huku usukani umetulia, tundu la tairodi limeshakuwa umbo la yai.

Baba Bado
Aisee! Nimemulika na tochi ya simu, fimbo inaogelea mle ndani. Na washa imeliwa upande mmoja imekuwa kama wembe.

Mzee wa Spana
Basi washa hiyo ndiyo inayokata vipini. Fungua kwa mara ya mwisho, peleka tairodi na fimbo kwa fundi wa kuchonga vyuma. Kama uko Dar, Gerezani pale hukosi. Tundu litanuliwe liwe duara, liingizwe bushi ya brasi, yaani kibomba kifupi kinachokaa sawasawa na fimbo. Ncha ya fimbo ichongwe uzi wa nati, ufunge nati ile yenye plastiki ndani, ambayo haifunguki kwa mtikisiko. Ikiwa ya M8 utatumia spana 13. Ila usiikaze mpaka mwisho! Pale panazunguka, ukibana usukani utakuwa mzito na mota ya stelingi, ile inayokata kona kwa rimoti, itaungua. Kaza mpaka iguse washa, rudisha kidogo, ipumue.

Kijana Volti
Ukiwa umeshafungua, mwekee na betri ya drili ya volti 18, gari litakimbia balaa 😂

Mzee wa Spana
Na litasimamia wapi? Magurudumu ya plastiki, hayashiki sakafu. Tena mota ya stelingi na ile bodi ya rimoti ni za volti 12. Mwache mtoto wa watu.

Fundi Bajaji
Kuhusu kutoboa sakafu, hilo dirisha la kupitishia spana nimekata mawili matatu, hayana shida ukijua pa kupita. Geuza gari uangalie zile mbavu za plastiki, hasa zinazobeba ekseli ya mbele. Usiziguse. Kata katikati yake, chini ya ncha ya fimbo, mkono wenye spana uingie. Anza kwa kutoboa tundu la duara kila kona ndipo uunganishe kwa jino la msumeno wa chuma. Kona kali ndiyo inayozaa ufa. Kisu cha moto achana nacho, moshi wa plastiki si wa kuvuta.

Grisi je? Kama mtoto anachezea mchangani, hapo nje usipake. Grisi na mchanga ni msasa, bushi itaisha mwezi huohuo. Futa kwa kitambaa kikavu, sugulia mshumaa.

Mama Wawili
Mimi si fundi ila nawajua watoto. Hilo dirisha lazima lifungwe. Wa kwangu angeshatia vidole humo mdogo wake akiwa kwenye usukani.

Fundi Bajaji
Kweli dada. Kata kifuniko kwenye galoni la mafuta, skrubu nne. Usiweke za kufungua kwa mkono, atazifungua yeye.

Baba Bado
Nimerudi wakuu, wiki mbili zimepita. Bushi imeingia, dirisha liko tayari, kifuniko kina maandishi ya mafuta ya kula. Usukani mwepesi, hauchezi. Tatizo jipya: kwa rimoti linakata kulia vizuri, kushoto linaishia nusu.

Mzee wa Spana
Ulirudisha fimbo wakati boksi la mota ya stelingi halipo katikati. Fungua nati ya chini kupitia dirisha lako, toa na bolti ya usukani, fimbo itashuka yenyewe. Bonyeza rimoti kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, kisha liache boksi katikati. Nyoosha magurudumu, rudisha fimbo. Nati hizo zikifunguliwa mara nyingi zinalegea, kaa na mpya mbili tatu.

Baba Bado
Dakika kumi na mbili, sijatoa gurudumu hata moja. Nilikuwa bado nafunga skrubu ya mwisho ya kifuniko, mwenye gari ameshakaa ndani anabonyeza honi.