Mjadala: Kubashiri ramani moja moja kwenye Counter-Strike, iachwe au ifungwe?

Mtoa mada:
Wakuu, masoko ya utabiri kama Polymarket hayaishii tena kwenye swali la nani atashinda mechi ya Counter-Strike 2, gemu ya kompyuta ambayo timu mbili zinapigana kwa bunduki. Sasa unabashiri hata ramani ya kwanza peke yake, yaani uwanja mmoja kati ya viwanja vinavyochezwa kwenye mechi. Ukinunua "ndiyo" kwa senti 40 na timu ikaichukua ramani hiyo, unalipwa dola 1. Ikilala, senti zako zimeliwa. Bei wanaipanga wanunuzi na wauzaji wenyewe.

Mimi nasema la mechi nzima libaki, la ramani lifungwe. Kwenye mechi ya ramani tatu mshindi ni mwenye mbili. Timu kali ikiamua kuuza ramani ya kwanza, yaani kufungwa makusudi kwa ajili ya hela, inachukua zinazofuata, inasonga mbele, na kocha anasifiwa kwa kutokata tamaa. Nani atashtuka na 2–1?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kuuza mechi hakukusubiri masoko haya. Timu ya iBUYPOWER mwaka 2014 walijilaza 16–4 mbele ya timu ya NetcodeGuides.com, na watu walikuwa wanabeti kwa skini, yale mapambo ya bunduki za ndani ya gemu! Valve, kampuni yenye gemu hii, ikawafungia wahusika Januari 2015. Life naye, bingwa wa dunia wa gemu nyingine, StarCraft II, alikamatwa Korea Kusini 2016 kwa kuuza mechi. Ukifunga soko la wazi, hela inahamia gizani. Polymarket kila ununuzi unabaki kwenye blokucheni, daftari la mtandaoni lililo wazi kwa wote, bei ikiruka ghafla tunaiona wote.

Mtoa mada:
Umenisaidia, maana mechi hiyo ya 2014 ilikuwa ya ramani moja tu. Na kwenye blokucheni unaona pochi, yaani akaunti ya hela za kidijitali, humuoni mwenye pochi.

Halafu kuna jambo linalonikera kuliko hata kuuza mechi. Ramani za mashindano ni 7, na kabla ya mchezo timu zinaondoa na kuchagua kwa zamu mpaka zibaki tatu. Kocha anajua, mchambuzi anajua, hata rafiki wa mchezaji anayekaa naye nyumba moja anajua kama mwezi huu Nuke, moja ya ramani hizo, wameifanyia mazoezi au hawajaigusa. Mtu huyo akinunua, hakuna aliyeuza kitu. Mechi ni safi kabisa. Ila wewe uliyenunua upande wa pili umeliwa kabla raundi ya kwanza haijaanza. Kwenye mechi nzima siri hiyo inapungua nguvu, kwa sababu zipo ramani nyingine za kufidia. Kwenye ramani moja, siri ndiyo mchezo wenyewe.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana juu ya timu kubwa wakati shida iko chini. Januari 2021 ESIC, wanaosimamia uadilifu wa gemu hizi, waliwafungia wachezaji 35 wa Australia kwa makosa ya kubeti. Wengi wao hata mashabiki hawawajui. Mchezaji asiye na mshahara wa maana ni rahisi kumnunua. Soko la ramani liwe la Major, yale mashindano makubwa kuliko yote ya gemu hii, na mashindano mengine makubwa tu, lifunguliwe baada ya ramani kuchaguliwa, na kila akaunti iwekewe kikomo cha hela.

Mtoa mada:
Kulifungua baada ya uchaguzi wa ramani, hapo nakuunga mkono, japo aliyejua Nuke haijaguswa bado anajua. Kikomo ndiyo sikiamini. Kufungua pochi mpya ni dakika chache, na mtu mwenye pochi kumi ana vikomo kumi.