Naomba ushauri: jirani ataka kunijengea tangi la maji taka

Ndugu zangu, niko Kajulu, nje kidogo ya Kisumu. Mwenye ploti ya juu yetu anajenga nyumba 12 za kupangisha. Anataka kutubadilishia shimo letu la maji taka, tuwekewe tangi jipya na bwawa la matete la kuchuja maji yanayotoka humo, ili uchafu tutakaopunguza sisi ufidie wa wapangaji wake. Kumbe Uingereza wajenzi hufanya hivyo kupunguza naitrojeni na fosforasi mitoni, yaani virutubisho vya maji taka vinavyostawisha magugu majini. Sawa, ziwa letu nalo limechoshwa na magugu maji. Mvua za Aprili zikija, shimo letu hufurika maji meusi hadi mlango wa jikoni, kwa hiyo mamangu keshakubali kabla sijamaliza kusoma karatasi! Tangi likijaa tope, nani atalipia lori la kunyonya? Niandikishe nini kabla ya kutia sahihi?