Kupamba visima Tissington, Derbyshire: ule udongo haudondoki kwa nini?

Mpenda_Chemchemi:
Wakuu, salaam. Kijiji cha Tissington, Uingereza, hupamba visima vyake kila sikukuu ya Kupaa Bwana kwa picha kubwa za petali zilizokandamizwa kwenye udongo. Mbao zinasimamishwa wima, nje, kwenye jua na mvua, karibu wiki nzima. Wanatumia gundi gani? Nataka kutengeneza ubao mdogo wa majaribio, sentimita 60 kwa 60. Halafu, ni kweli hiki ndicho kijiji kilichojifungia wakati wa tauni?

FundiUdongo:
Gundi hakuna, mkuu. Kinachoshika ni unyevu, na kazi yote ya maandalizi ni kuulinda.

Anza na ubao wenyewe. Wenzetu huuzamisha kwenye bwawa au mtoni kwa siku kadhaa kabla ya kuupaka chochote. Ubao mkavu utanyonya maji ya udongo kwa nyuma, udongo utasinyaa, utapasuka, kisha utabanduka kipande kizima. Hapo ndipo wanaojaribu mara ya kwanza wanapokwama, kwa sababu usiku wa kwanza hakuna dalili yoyote ya kasoro.

Ubao uwe na fremu pembeni, na upigilie misumari mifupi huku vichwa vikibaki nje kama sentimita moja. Kwa ubao wako, weka msumari kila baada ya sentimita 5. Misumari ndiyo inayobeba uzito.

Udongo ni wa mfinyanzi, uliochambuliwa mawe na mizizi, ukakandwa kwa maji na chumvi. Kijijini huukanyaga kwa miguu, kama unavyokanyagwa wa kujengea. Chumvi huuchelewesha kukauka. Ukibonyeza kwa kidole gumba, alama ibaki safi bila maji kuchuruzika. Ukiwa mwepesi kuliko hapo, ubao ukisimamishwa wote utateremka chini. Tandaza unene wa sentimita 2.5 hivi, juu ya vichwa vya misumari. Ubao wako peke yake utabeba karibu kilo 17 za udongo, kwa hiyo ile mibao mikubwa ya Tissington usidhani inanyanyuliwa na watu wawili.

Picha huchorwa kwanza kwenye karatasi ya ukubwa uleule. Karatasi inalazwa juu ya udongo, mistari inatobolewa kwa pini, kisha inaondolewa. Vitundu hivyo hufuatwa na vitu vyeusi vigumu: mbegu, vijitunda vikavu vya mti wa alder unaoota kandokando ya mito, au buni za kahawa zilizokaangwa. Naam, kahawa, ndiyo inayotoa ile mistari myeusi ya nyuso na mikunjo ya nguo.

Bi_Maua:
Fundi kamaliza ya udongo, niongezee ya maua.

Tangulizeni visivyonyauka: magome, mbegu za alizeti, mahindi, majani magumu. Petali ziwe za mwisho kabisa. Anayeanza na petali kwa sababu ya hamu ya kuona rangi atakuta zimekuwa kahawia kabla kazi haijaisha.

Petali hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika kidogo kichwa cha ile iliyo chini yake, kama makuti yanavyoezekwa. Mvua inateleza juu yake. Mkizipanga kinyume, maji yanaingia nyuma ya petali, udongo unalainika, na picha inaanza kuvuja rangi. Kila petali ibonyezwe upande wa juu tu, ncha ya chini iachwe huru.

Sharti la kijiji ni vitu vya asili tu. Na maua hayachumwi ovyo porini: tangu sheria ya 1981 ya kulinda wanyama na mimea, kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa.

Tarehe nayo husumbua. Kupaa ni siku ya 40 ukihesabu Jumapili ya Pasaka kuwa ya kwanza, kwa hiyo huangukia popote kati ya Aprili 30 na Juni 3. Mwaka ambao Pasaka imewahi, bustani za Derbyshire bado hazina kitu. Haidrenjia, ambayo petali zake hudumu kuliko nyingi, huchanua kuanzia Julai. Ndiyo maana vijiji vinavyopamba majira ya joto vina kazi nyepesi zaidi, kwa maoni yangu.

Mtafiti_wa_Kale:
Hapo kwenye tauni umechanganya vijiji viwili, ndugu. Kilichojifungia ni Eyam, kaskazini zaidi katika Derbyshire hiyohiyo, mwaka 1665 hadi 1666, chini ya kasisi William Mompesson. Watu kama 260 walikufa. Habari za Tissington ni za tauni ya zamani zaidi, ile ya 1348 na 1349. Masimulizi yanasema kijiji kiliokoka kwa usafi wa maji yake, wakashukuru kwa maua. Masimulizi mengine yanataja ukame wa 1615, visima vya jirani vikakauka vya Tissington visikauke. Maandishi ya kwanza yanayotaja visima vya hapa kupambwa ni ya 1758, na wakati huo mapambo yalikuwa mashada ya maua tu. Mbao za udongo zinaonekana kwenye maelezo ya 1818. Wanaosema ni ibada ya kabla ya Ukristo wanakisia.

La ukame ndilo linaloingia akilini, ukitazama ardhi. Eneo lile ni mawe ya chokaa, mvua ikinyesha inazama nyufani, na mabonde kadhaa hayana mto kabisa. Aliyezoea maweni ya Unguja ataelewa mara moja kwa nini chemchemi isiyokauka inaheshimiwa.

Mpenda_Chemchemi:
Nimeshukuru, wakuu. Nikitaka kwenda kuona?

Mtafiti_wa_Kale:
Shukia Ashbourne. Kutoka hapo kuna njia ya miguu na baiskeli ya kama kilomita 6 hadi kijijini, juu ya tuta la reli iliyofunguliwa 1899. Reli ilikufa miaka ya 1960, njia ikafunguliwa 1971. Mwinuko ni mdogo. Karibu na kijiji tazama malisho jua likiwa chini: utaona matuta marefu sambamba, alama za majembe ya ng'ombe ya enzi za kati, yamebaki kwa sababu ardhi iligeuzwa malisho.

Siku yenyewe ibada huanzia kanisani St Mary's, kisha msafara hupita kisima kwa kisima kuvibariki: Hall Well mbele ya jumba la 1609 la ukoo wa FitzHerbert, Coffin Well chenye umbo la jeneza, na vingine.

Bi_Maua:
Ukikosa Kupaa, nenda Youlgreave, kijiji kingine cha Derbyshire, mwishoni mwa Juni. Wao hupamba mabomba, kwa kuwa maji yaliletwa kijijini kwa bomba mwaka 1829, na mpaka leo mradi wa maji ni wa kijiji chenyewe.