Iamamiwhoami: mashabiki walifumbua namba zote, kwa nini bado walimkosea mwenyewe?

Mpenda_Mafumbo, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi na wenzangu kadhaa tumekuwa tukizipitia upya zile video fupi za chaneli ya YouTube iitwayo iamamiwhoami, ambazo zilianza kutolewa Desemba 2009 bila jina la msanii, bila maelezo yoyote, na bila kampuni ya muziki kujitokeza na kusema kuwa ni zake. Kwa wasiozifahamu, ndani yake kuna msitu, kuna michoro ya wanyama, na kuna mwanamke mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu ambaye sura yake imevurugwa kiasi kwamba hata anayemfahamu angesita kumtaja. Vichwa vya video hizo havikuwa maneno, bali misururu ya namba.

Namba hizo ndizo zilizotunasa. Kichwa cha video ya kwanza kinaishia na 5.4.21.3.1.20.9.15.14.1.12, na ukiipa kila namba herufi yake kwa kufuata alfabeti ya Kiingereza (mtu asijaribu kwa abachada, hatafika), unapata neno "educational". Nyingine ina 15.6.6.9.3.9.14.1.18.21.13, ambayo inatoa "officinarum", yaani nusu ya pili ya jina la kisayansi la mmea wa mandragora, ambao watu wa Ulaya ya zamani waliamini kwamba mzizi wake una umbo la binadamu na kwamba hupiga ukelele unapong'olewa.

Mashabiki wa wakati ule waliyafumbua haya yote. Hata hivyo, kuna walioshikilia kwamba mwanamke yule ni Christina Aguilera, wengine wakaapa kwamba ni Lady Gaga, na wengine wakasema ni kundi la Goldfrapp. Mwishowe ikadhihirika kuwa ni Jonna Lee, mwimbaji wa Uswidi ambaye wengi wao hawakuwa wamewahi hata kumsikia. Swali langu ni hili: inawezekanaje watu wafumbue kila walichowekewa, halafu wasimjue aliyekiweka? Na je, ipo njia ya kutofautisha dokezo lililowekwa kwa makusudi na jambo lililotokea tu lenyewe? Nauliza kwa sababu mwenzetu mmoja ana albamu nzima ya nyuso anazodai kuziona kwenye magome ya miti ya video hizo, na kundi letu limeanza kugawanyika.

Kumbukumbu_Kongwe

Ndugu Mpenda_Mafumbo, naona hapo pamechanganywa maswali mawili ambayo kila moja lina ushahidi wake. La kwanza ni hadithi hii inasema nini. La pili ni nani aliyeitengeneza na kwa sababu gani. Dokezo lililopandwa ndani ya video hujibu swali la kwanza peke yake, kwa kuwa mtunzi ndiye aliyelipanda, na mtunzi anayejificha hawezi kupanda jibu la swali ambalo hataki lijibiwe. Jibu la swali la pili hupatikana katika alama ambazo mtunzi aliziacha bila kujua kwamba ameziacha, na mara nyingi alama hizo haziko ndani ya picha hata kidogo.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni wa lonelygirl15. Juni 2006 msichana aliyejiita Bree, mwenye umri wa miaka 16, alianza kurekodi video chumbani kwake na kuziweka YouTube, akizungumza habari za wazazi wake, dini yao ambayo hakuitaja jina, na rafiki yake Daniel. Watazamaji wakaanza kukichunguza kile chumba. Wakaiona picha ya Aleister Crowley, yule Mwingereza aliyejulikana kwa mambo ya uchawi na ibada za siri, na hapo mjadala ukawaka moto: je, familia hii iko katika dhehebu gani? Dokezo lile lilikuwa la kweli, kwa maana kwamba liliwekwa makusudi, na baadaye hadithi yenyewe ikaelekea huko huko kwenye dhehebu la siri. Lakini ungeweza kuitazama picha ya Crowley mpaka macho yaume, isingekwambia kwamba Bree ni mwigizaji.

Kilichowaambia watu hivyo kilitoka nje ya chumba. Kwanza, mashabiki waligundua kwamba wakili mmoja wa California, Kenneth Goodfried, alikuwa amewasilisha maombi ya kusajili jina "lonelygirl15" kuwa alama ya biashara, nyaraka ambazo huko Marekani mtu yeyote anaweza kuzisoma. Na msichana mpweke wa miaka 16 hana haja ya wakili wa alama za biashara. Pili, mashabiki wengine waliweka mtego wa kimtandao ili waone mawasiliano ya "Bree" yanatoka wapi, na anwani ya IP (namba inayotambulisha kompyuta iliyo mtandaoni) ikawapeleka Creative Artists Agency, wakala mkubwa wa waigizaji wa Hollywood. Tatu, Septemba 2006, kijana wa miaka 18, Matt Foremski, ambaye baba yake ni mwandishi wa habari za teknolojia, alipekua nakala za kurasa zilizofutwa ambazo Google ilikuwa bado inazo, na humo akazikuta picha za mwigizaji Jessica Rose, aliyekulia New Zealand. Mchezo ukaishia hapo, ingawa hadithi yenyewe iliendelea hadi Agosti 2008 na watu wakaendelea kuitazama wakijua kwamba ni maigizo.

Ukirudi kwa Jonna Lee utakuta mwenendo ni ule ule. Namba ziliwapa watu mandragora, lakini jina lake lilipatikana kwa kuilinganisha sura na sauti ya yule mwanamke na kazi alizokwisha kuzitoa kwa jina lake halisi, kama ile albamu ya mwaka 2007. Waliokuwa wakimtaja Aguilera walikuwa wakitafuta jina miongoni mwa watu maarufu tu, na hakuna fumbo lolote ndani ya video lililowaambia watafute huko.

Fundi_Picha

Kuhusu nyuso kwenye magome, nitajibu kama mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuhariri video. Video ya dakika 10 yenye fremu 30 kwa sekunde ina fremu 18,000, na kila fremu ni picha kamili. Aidha, YouTube huibana video ili iwe nyepesi, na sehemu inayoumia zaidi kwa kubanwa huko ni sehemu ya giza: vivuli vya karibu karibu hugeuzwa kuwa vipande vya mraba, na macho ya binadamu, ambayo yameumbwa kutafuta nyuso, hukamata vipande viwili vyeusi juu na kimoja chini na kusema, "huyo hapo". Katika picha 18,000 za msitu, kukosa uso ndilo lingekuwa jambo la kushangaza.

Kipimo ni rahisi. Simamisha video, kisha kwenye kompyuta ubonyeze kitufe cha nukta ili usogee mbele fremu moja, na kitufe cha mkato ili urudi nyuma. Uso uliochorwa au uliobandikwa na mtu hukaa mahali pake kwa fremu kadhaa na husogea pamoja na mti wenyewe kamera inaposogea. Uso uliotokana na kubanwa kwa video hubadilika umbo au hutoweka kwenye fremu inayofuata. Mwenzenu azifungue video hizo kwenye kompyuta na kuupitia kila uso wa albamu yake kwa namna hiyo.

Mkaguzi wa Programu, Nairobi

Naomba kuongeza mfano ambao ndani yake hapakuwa na hadithi kabisa. Kuanzia Septemba 2013, chaneli iitwayo Webdriver Torso ilianza kupakia video za sekunde 11, kila moja ikiwa na slaidi 10 za mstatili mwekundu na mstatili wa bluu unaobadilika ukubwa na mahali, pamoja na mlio mmoja kwa kila slaidi. Zilikuja kwa maelfu, kisha kwa makumi ya maelfu. Ilipofika mwaka 2014 watu walikuwa wamekwisha kuzihusisha na majasusi, kwa hoja kwamba zinafanana na zile stesheni za redio zilizokuwa zikisoma namba wakati wa Vita Baridi; wengine wakazihusisha na viumbe wa sayari nyingine. Walipima mistatili, wakaandika vipimo vyake kwenye majedwali, wakatafuta mpangilio. Katika umati huo wa mistatili kulikuwa na video moja ya Mnara wa Eiffel ukimetameta usiku, na hiyo ikazidisha homa.

Mtu wa kazi yangu angeanzia kwenye jina. WebDriver ni chombo ambacho wajaribu programu hukitumia kuiendesha kivinjari bila mkono wa mtu. Pembeni mwa slaidi palikuwa na maandishi "aqua.flv" na namba ya slaidi, yaani jina la faili na hesabu yake, kama ambavyo mjaribu yeyote angeandika ili ajue ni slaidi ipi iliyoharibika. Vichwa vya video vilianza na "tmp", kifupi kinachotumika kila mahali kwa mafaili ya muda. Baadaye mwanablogu mmoja wa Italia aliifuatilia chaneli hiyo hadi kwenye mtandao wa akaunti nyingine za majaribio zenye uhusiano na YouTube yenyewe, na Juni 2014 Google ikakiri kwamba ni video zake za kupima ubora wa upakiaji, tena kwa taarifa iliyojaa mzaha wa wimbo wa Rick Astley, ule ambao watu mtandaoni hupenda kutegeana kwa utani.

Ninachotaka kukisisitiza, kwa kumuunga mkono Kumbukumbu_Kongwe, ni kwamba waliopima mistatili hawakuwa wavivu. Mistatili ile ilizalishwa na mashine bila maana yoyote, na bidii haiwezi kutoa maana mahali ambapo haikuwekwa.

Binti wa Likoni

Ndugu zangu, nimewasoma wote kwa heshima, lakini sikubaliani na jinsi mnavyolipandisha swali la "nani" hadi likawa ndilo swali kubwa. Mfululizo wa Marble Hornets, hadithi ya kutisha ya kubuni, ulianza YouTube Juni 2009 na kumalizika Juni 2014, na kujua kwamba ni kazi ya vijana wa Alabama, akina Troy Wagner na Joseph DeLage, hakukuwaondolea watazamaji hamu hata chembe. Pembeni ya chaneli kuu kulikuwa na chaneli ya pili, totheark, ambayo ilijibu video za kwanza kwa vipande vifupi vilivyojaa misimbo, sauti zilizogeuzwa na maandishi yanayopita kwa nusu sekunde. Na asiyezifuatilia chaneli zote mbili hakuipata hadithi nzima. Mchezo huo ulichezwa kwa miaka mitano ndani ya video, bila mtu kulazimika kupekua nyaraka za wakili wala anwani ya IP ya yeyote.

Kupekua nje ya picha kuna hatari yake pia. Kwa lonelygirl15 wapekuzi walimpata mhusika kweli, lakini mara ngapi watu hulinganisha pua na kidevu, wakamwangukia mtu asiyehusika, na kesho yake simu ya mtu huyo ikajaa ujumbe wa wageni? Waliomtaja Aguilera walimkosea mtu maarufu ambaye hakudhurika kwa lolote. Wangemkosea mwalimu wa shule fulani, hali ingekuwa nyingine.

Mpenda_Mafumbo, Dodoma

Nashukuru sana, hasa kwa Fundi_Picha. Jana usiku tuliipitia albamu ya mwenzetu kwa kitufe cha nukta, na karibu nyuso zote zilivunjika kwenye fremu iliyofuata. Amekubali, ingawa kwa shingo upande. Dada wa Likoni, nimekuelewa, na katika kundi tumeafikiana kwamba hatutatafuta kurasa za binafsi za mtu yeyote.

Limebaki jambo moja. Kichwa cha video ya kwanza, kabla ya namba za "educational", kina tarakimu 699130082.451322. Tumejaribu kuzigawanya kwa kila namna tuliyoijua. Je, tuzihesabu kuwa dokezo au tuzipuuze?

Kumbukumbu_Kongwe

Msizipuuze, ila msizilazimishe. Zilichapwa kwenye kichwa na mtu, kwa hiyo hazikutokea zenyewe kama nyuso za mwenzenu, lakini kuwekwa na mtu si lazima kuwe na maana ya kufumbuliwa, kwa kuwa huenda ni namba ya kumbukumbu ya mtengenezaji, sawa na "aqua.flv" ya ndugu yetu wa Nairobi. Kinachoipa nguvu kanuni ya herufi ni kwamba kanuni ile ile, bila kurekebishwa popote, ilifungua "educational" na ikafungua "officinarum" kwenye kichwa kingine kabisa. Tarakimu hizi zimeandikwa kwa mtindo tofauti, bila nukta kati ya kila moja, na hilo peke yake linaonyesha kwamba kanuni ile haikukusudiwa kuzigusa. Yeyote atakayeleta ufumbuzi wake hapa, aonyeshe kwanza kichwa kingine ambacho kanuni yake imekifungua.