Nashona vibweta vya vishale: ndani kishale kishikwe wapi, na kibweta kipumue au kizibwe?

Mshonaji wa Mwanakwerekwe

Assalaam aleikum jamaa zangu. Mie nashona mikoba hapa Mwanakwerekwe. Kazi zangu nyingi ni mabegi ya skuli, vifuko vya misahafu na mikoba ya ukili ninayoitia bitana. Sasa wamenijia vijana wa klabu moja ya vishale, ule mchezo wa kurusha kwenye bodi (darts), kila mmoja anataka kibweta chake. Kiwe cha kuingia kwenye begi la mgongoni, na wakivuka kwenda Dar kucheza, vifaa vifike salama. Wameniachia seti moja nipimie.

Nimeitandaza mezani. Kishale kina ncha ya chuma, bareli ya shaba yenye mifereji ya kukamatia vidole, kijiti cha nailoni kinachozungushwa kama skrubu, na nyuma mabawa manne ya plastiki nyembamba. Kikikamilika kina urefu wa sentimita 15 na ushei. Kifuko wanachotumia sasa ni cha ngozi, na ndani kina kipande cha sponji ya kuchomekea ncha. Kimetoboka chini. Mabawa yamepinda, ncha zina kutu, na bareli moja imeota rangi ya kijani upande ulioegemea ngozi.

Nyumbani nina turubai la pamba, reksini, sponji ya godoro, raba ya kandambili ya shiti ninayoinunua kwa mafundi viatu, zipu za nailoni na lastiki ya kila upana. Ninachotaka kujua kwa wanaocheza: kishale kishikwe sehemu gani? Kisafiri na mabawa yake au yavuliwe? Na je, nikizibe kibweta kabisa hewa ya chumvi isiingie, au nikiache kipumue? Vishale vizuri ni ghali, na hapa kwetu huvipati kila duka. Sitaki kuwashonea kitu cha kupendeza machoni ambacho kitawalia vifaa vyao.

Kusi na Kaskazi

Wa aleikum salaam dada. Nacheza na nimevuka na vishale vyangu mara nyingi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kishale kishikwe bareli tu. Ncha isiguse kitu, bawa lisiguse kitu. Ncha ikiegemea kitambaa, kila hatua unayopiga inakitoboa kidogo, na iko siku itatokeza nje imchome mtu paja ndani ya daladala. Ukiichomeka kwenye sponji ndiyo balaa zaidi. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyo wazi, inakunywa jasho la vidole na unyevu wa hewa, na chumvi iliyomo inazidi kuvuta maji. Ncha inalala humo usiku kucha. Itazame vizuri hiyo seti uliyoachiwa: nadhani utakuta kutu imeanzia pale pale sponji ilipoishia, imekata mstari.

Kwa hiyo sponji ya godoro iweke mbali, tumia raba ya kandambili. Vitundu vyake vimefungika, hainywi maji, na inakamata chuma bila kukikwaruza. Bandika vipande mpaka upate unene wa milimita 15 hivi, toboa kwa panchi ya fundi viatu, kisha pasua kutoka ukingoni hadi kwenye tundu ili kishale kibonyezwe kwa ubavu. Usimfanye mtu akipitishe kwa ncha, raba itachanika haraka.

Tundu lisiwe moja kwa wote. Tangsteni kwa ujazo ule ule ina uzito wa karibu mara mbili ya shaba, ndiyo maana kishale cha tangsteni cha gramu 24 ni chembamba, bareli yake milimita 6 au 7 tu, na cha shaba cha uzito huo huo ni kinene. Kijana wa tangsteni ukimpa tundu la shaba, vishale vyake vitacheza na kugongana. Muulize kila mmoja anarusha nini, upime, kisha utoboe pungufu kwa milimita moja. Kwenye sheria za WDF, shirikisho la dunia, utasoma kishale kinaruhusiwa hadi gramu 50 na urefu wa sentimita 30.5. Isikutishe, sijaona mtu anayerusha gogo kama hilo. Vingi ni vya gramu 21 mpaka 26 na urefu ni huo uliopima wewe.

Ngozi halisi usiiweke ndani. Ngozi iliyodabighiwa kwa magome, ya mkandaa au ya mti mwingine, hubaki na asidi, na shaba ikilala juu yake na jasho likawepo inatoa ile kijani uliyoiona. Lastiki nayo sishauri. Joto la gari linaichosha, inalegea, na wa kwanza kulaumiwa ni wewe, kazi itakurudia.

Mabawa yapo ya namna mbili. Yale membamba ya kukunjika, ya maikroni 75 hadi 150, yanavuliwa na kulazwa bapa kwenye kimfuko kama cha kitambulisho. Kishale bila bawa kinabaki kama sentimita 12, na kibweta kinakuwa kidogo cha mfukoni. Yale magumu yaliyofinyangwa hayakunjiki, yana upana wa kama sentimita 4, na wenye nayo hawapendi kuyavua. Hao washonee kibweta cha kina kirefu, ndani sentimita 4 na nusu hivi, vishale vyote vielekee upande mmoja. Kuvipishana kichwa na mkia kunaokoa nafasi lakini ncha ya huyu inakaa jirani na bawa la mwenzake, na bawa likishatobolewa kishale kinayumba hewani.

Kuhusu hewa, usikizibe. Mtu anamaliza kucheza usiku, vidole vimelowa, anafunga zipu na yale maji yanabaki humo humo. Turubai la pamba linapumua lenyewe. Reksini haipumui, ukiitumia piga vijicho viwili vya shaba ubavuni, visiwe vya chuma. Na wewe unaposhona waambie vijana: kibweta kikifika nyumbani kifunguliwe mbele ya feni, ncha zifutwe kwa kitambaa kikavu na kupakwa mafuta ya cherehani kidogo sana. Kidogo sana nimesema, na bareli isiguswe na mafuta, itateleza mkononi.

Seremala wa Wete

Nimependa maelezo ya ndugu hapo juu ila mpasuo wa raba sikubaliani nao peke yake. Raba iliyopasuliwa inafunguka kadiri siku zinavyokwenda. Mimi huku Pemba natengeneza vibweta vya mbao, vya dhahabu na vya kalamu, na kitu kisichotakiwa kucheza nakikamata kwa pande mbili. Raba ya chini iwe na mfereji, nusu ya unene wa bareli izame humo. Kwenye kifuniko bandika ukanda mwingine wa raba unaokuja kukandamiza kutoka juu. Kikifungwa, kishale kimebanwa. Kikifunguliwa, kinaokotwa kwa vidole viwili bila kuvutana nacho.

Kama kuna anayetaka cha mbao cha kukaa nyumbani, mninga au msaji uliokauka sawasawa. Mbao mbichi ina asidi yake, hukaa inapumua juu ya chuma. Na kifuniko kiachiwe nafasi kidogo, masika ikiingia mbao inavimba na utakuta hakifunguki. Bawaba ziwe za shaba. Lakini kwa safari, bibie, turubai lako ni bora, mbao ni mzigo.

Mshonaji wa Mwanakwerekwe

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Nimeitazama ile ncha kwa jua la dirishani, na kweli kutu imekata mstari, juu nyeupe, chini kahawia, kama sentimita moja na nusu.

Kaka Seremala, huo mfereji na ukanda wa kifuniko nimeuelewa mara moja, na kwa cherehani yangu ni rahisi kuliko kutoboa. Tatizo langu ni ugumu. Turubai peke yake likikaliwa na mtu kwenye boti linabonyea, na ukanda wa juu utakandamiza mpaka mabawa. Nawaza nikate kuta za dumu la mafuta la lita 20, zile pande zilizo bapa, nizitie kati ya turubai na bitana. Linakatika kwa mkasi mkubwa na sindano namba 18 inapita ukingoni nikienda taratibu. Pembe nitazikata mviringo zisichane kitambaa.

Na vile vitu vidogo vidogo? Wamenitajia vijiti vya akiba, vipete vya mpira, kinoo cha kunolea ncha, na nta ya vidole.

Kusi na Kaskazi

Dumu ni wazo zuri sana, na halishiki kutu. Ila nalo halipumui kama reksini, kwa hiyo vile vijicho viwili vya shaba ubavuni usivisahau. Na mpasuo wangu nauacha, mfereji wa Seremala ni bora.

Vidogo vidogo viwe na ukuta wao, visichanganywe na vishale. Kinoo kinakwaruza kila kinachogusana nacho, kishonee kifuko chake chenye kifuniko. Nta isiwekwe wazi. Ndani ya gari lililoegeshwa juani inayeyuka na kuingia kwenye mifereji ya bareli, na kuitoa huko ni kazi ya mswaki na maji ya moto. Ikae kwenye kikopo cha kuzungusha. Vijiti vya akiba walau vitatu, kwa kuwa vya nailoni vinavunjikia ndani ya bareli, na hapo unahitaji pia kile kifunguo cha kutolea kipande kilichobaki. Klabu nyingi kinakuwa na mtu mmoja tu na siku hiyo hakuja.

Nakuomba uwashonee jambo moja ambalo sijaliona kwenye kibweta chochote cha dukani: utepe. Tunapokwenda kucheza kwa watu, tunakuta bodi imetundikwa kwa kukisia. Kitovu cha bodi kinatakiwa kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni, na mstari wa kusimamia mita 2.37 kutoka uso wa bodi. Futi yako ya kushonea inaishia sentimita 150, haifiki. Kata utepe usiovutika wa mita 2.93, utie alama ya uzi mwekundu kwenye 1.73 na kwenye 2.37. Urefu wake wote ndio mshazari kutoka kitovu hadi mstarini, kwa hiyo ukishapima mbili za mwanzo, unaunyoosha huo kuhakikisha. Ukunje, uuweke mfuko wa nyuma.

Mtu wa Bububu

Kwa atakayepanda ndege: vishale haviruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi, viende kwenye begi la chini. Nimeona mtu amenyang'anywa vyake palepale kwenye ukaguzi. Na mabegi ya chini yanarushwa, kwa hiyo hilo dumu litasaidia sana.

Mshonaji wa Mwanakwerekwe

Nimeyasikia yote. Nakata kama ifuatavyo: nje turubai la pamba la kijani, kati dumu, ndani bitana nyepesi isiyo na manyoya, raba chini na juu. Wenye mabawa magumu ndani urefu sentimita 18, kina 4 na nusu. Wenye ya kuvua, urefu 14, na kimfuko bapa cha mabawa upande wa kifuniko. Zipu ya nailoni izunguke pande tatu. Utepe nitautia kila kimoja, na wala sitautoza pesa. Nitaanza na hicho cha seti ya shaba, halafu wale wa tangsteni waje wapimwe. Kuna la kukagua kabla sijawakabidhi?

Kusi na Kaskazi

Kipindue chini juu, kitikise kwa nguvu karibu na sikio. Ukisikia chuma kinagongana, ongeza unene wa raba kwenye kifuniko, uanzie katikati, maana zipu inabana kingo na katikati ndiko kunakopwaya. Kisha kisimamishe ncha zikiwa chini, ukigonge mezani, ukifungue uone kama kuna kishale kilichoteleza. Kikiteleza hata kidogo, mfereji ni mpana.