Tupeane uzoefu: wenye mzazi wa Parkinson anayepaliwa akila

Mwana_Uyole: Wakuu, jana mama kapaliwa na chai hadi machozi yakamtoka. Ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, mwaka wa sita sasa. Kutetemeka tumeshazoea, ila hili la koo limenitisha. Wenzangu mnalishaje?

BaridiYaMakete: Afadhali wako anakohoa. Baba yangu alikuwa anapaliwa kila mlo: chai, maji, hata mate yake mwenyewe. Mwaka juzi akaacha. Tukafurahi! Nikampigia dada yuko Makambako, nikamwambia mzee kapona koo. Kumbe koo limekufa ganzi, chai inaingia njia ya hewa na yeye hashtuki. Julai homa ikampanda, anahema kwa shida. Tukasema baridi ya Makete hiyo, tukamwongezea blanketi. Hospitali wakasema nimonia. Akatibiwa, tukarudi nyumbani, wiki tatu nimonia tena, pafu lile lile la kulia. Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza, "Akishakunywa chai sauti yake inakuwaje?" Nikasema inakoroma, kama anaongea na maji kooni. Akanyamaza, akaniangalia tu. Mara ya tatu mzee hakutoka wodini. Kile kikombe chake cha bati mpaka leo hakuna anayekitumia.

Nyanya_Chungu: Hiyo sauti naijua. Pole sana ndugu yangu.

Kamwene_Iringa: Sisi bibi tunampa levodopa, dawa yake ya Parkinson, nusu saa kabla ya kula, ikishakamata ndipo anakula. Akiwa ameganda, dawa haijakamata, hata uji hapewi. Nyama na maharage tunasogeza jioni, maana vinagombana na dawa. Anakaa wima, kijiko cha chai, TV imezimwa, halali mpaka nusu saa ipite. Makande tulishaacha, ule mchanganyiko wa mchuzi na punje unamchanganya. Viazi vya kuponda na parachichi vinapita.

Mkuu_wa_Kijiwe: Mpeni ulanzi, pombe ya mianzi, koo litafunguka lenyewe.

Kamwene_Iringa: Ulanzi mwepesi kama maji, ndio unaokimbilia pafuni. Masihara peleka kilabuni.

Mkuu_wa_Kijiwe: Basi komoni, ile pombe nzito 😂

Binti_Tukuyu: Mjomba wangu mwenye Parkinson alikabwa na pande la nyama katikati ya kikao cha mahari! Sauti haitoki, midomo imebadilika rangi. Shangazi anakimbilia maji, wazee wanakemea pepo. Konda mmoja aliyekuja kula tu akamwinamisha, akampiga kati ya mabega mara tano, haikutoka, akamkumbatia kwa nyuma akamkandamiza juu ya kitovu. Nyama ikaruka hadi kwa washenga.

Nyanya_Chungu: Angepewa maji ingeshuka.

Binti_Tukuyu: Ishukie wapi mama, na hewa haipiti?

Mkuu_wa_Kijiwe: Mahari ilipokelewa lakini?

Binti_Tukuyu: Walipunguza ng'ombe wawili.

Mkuu_wa_Kijiwe: Huyo konda apewe mmoja!

Isyesye_Juu: Mwana_Uyole, dawa yake ya kawaida ni uji wa ulezi mzito, kila kitu kiwe kizito.

Kamwene_Iringa: Sio kila mtu. Kuna ambao kizito kinabaki kooni. Apimwe kwanza anavyomeza.

Mwana_Uyole: Nimesoma yote. Mama kamaliza chai sasa hivi, hajakohoa. Nikamwomba aniite jina langu. Limetoka na maji maji. Kesho alfajiri tunashuka hospitali.