Naombeni ushauri, tutweke tanga wikendi hii au tuahirishe?

Wakuu habari zenu, tumepanga kuvuka na boti ya tanga Jumamosi asubuhi turudi Jumapili ila utabiri unanichanganya, mmoja unasema upepo kilomita 25 kwa saa mwingine 40, na ule wa ghafla si unaweza kuzidi hapo hata kwa asilimia 40! Kwenda sina shida, upepo utakuwa nyuma yetu. Kurudi ndo kazi, tutakuwa tunakata joshi, yaani kwenda kwa pembe kuukabili upepo, na mkondo wa maji unakwenda kinyume na upepo, hapo mawimbi yanakuwa mafupi na yenye mwinuko mkali, na mmoja wetu hajawahi kulala baharini. Naona bora tungoje utabiri wa Ijumaa jioni, mnaonaje? Mkifika nusu njia hali ikachafuka huwa mnageuza au mnapunguza tanga mnasonga?